Kiapo cha Fundi Makungu

Mpaka leo, pale Mkunazini, mtu akianza kuapa ovyo huambiwa, "Angalia yasije yakakufika ya fundi Makungu." Wengi wanaoyasema hayo hawakuwapo siku yenyewe, na waliokuwapo waliona nusu ya jambo, nusu iliyobaki wakaijaza wenyewe. Mji wetu hodari wa kusimulia, lakini kwenye kuuliza ni mvivu kupita kiasi.

Makungu Simai alikuwa mzaliwa wa Kiwengwa, mtoto wa msokota kamba za makumbi. Aliletwa mjini kijana, akawekwa kwa fundi wa kanzu, akajifunza kazi mpaka akafungua kibaraza chake mwenyewe katika uchochoro nyuma ya msikiti. Hakuwa fundi bora kuliko wote. Alikuwa fundi mzuri wa kawaida, mwenye ulimi mkali na subira ndogo, akishona kanzu za watu wa kawaida na kuzidarizi shingo kwa uzi mweupe. Mteja akija kulalamika kwamba kanzu imembana, Makungu alimwangalia tumbo kwanza, kisha akamwambia, "Kanzu haijapungua, bwana. Jitazame wewe." Watu walicheka, na safari nyingine walirudi kwake.

Alikuwa na mke, Mwatima, na binti mmoja, Wanu. Watoto waliomtangulia Wanu walizikwa wakingali wachanga, na mapenzi yote waliyoandaliwa hao yakamwangukia huyu aliyebaki. Makungu, ambaye hakuwa na simile na mtu, akiitwa na Wanu aliacha sindano katikati ya tundu akaenda kusikiliza.

Kitu kingine alichokipenda duniani ni sataranji, ambayo wengine huiita chesi. Aliijulia barazani kwa fundi aliyemfunza kushona, na alipokuwa mtu mzima akajiunga na klabu iliyokuwa ikikutana kila baada ya sala ya alasiri katika chumba cha ghorofani, juu ya duka la muuza kahawa. Wanachama walikuwa makarani, walimu, dresa mmoja wa hospitali, mfunga vidonda, na mafundi wachache. Kete zao zilikuwa za mti, kuukuu, zimeshikwa na mikono mingi mpaka zimeng'aa. Waziri mweupe alikuwa amevunjika taji zamani, akagongomewa kwa msumari mdogo, na ncha ya ule msumari ilijitokeza kidogo. Kila aliyemshika aliguta, "Waziri huyu anauma!" na kila mwaka walisema watampiga tupa, wasimpige.

Katika klabu hiyo kulikuwa na sheria moja iliyotukuzwa kuliko zote: kete ukiigusa, umeicheza. Umegusa kwa kusudi, umegusa kwa bahati mbaya, ni mamoja. Huenda klabu nyingine zilikuwa na huruma zaidi, lakini hawa walishawahi kuona watu wazima wawili wakikabana makoo kwa ajili ya farasi aliyeguswa kisha akarudishwa mahali pake, na tangu hapo hawakutaka tena mjadala.

Makungu alikuwa na namna yake ya kuanza mchezo. Aliipata kwa baharia mmoja wa Kihindi aliyekuja kushonewa suruali, na klabu nzima waliiita "kuchinja farasi". Tangu mwanzo kabisa unatoa kitunda, yule askari mdogo wa mbele, unamwachia mwenzio amle. Halafu unamwacha na farasi wako achinjwe bure. Unabaki pungufu, lakini waziri wako na ndovu wako wameshafika mlangoni kwa shaha wa mwenzio kabla hajavaa viatu. Ukishambulia bila kupumua unashinda. Ukipoteza hatua moja, umekwisha, kwa sababu huna jeshi la kurudi nyuma. Makarani walisema ni mchezo wa kichaa. Makungu aliwajibu kwamba wao wanacheza kama watu wanaongoja pensheni.

Mwaka wa hamsini na tatu kulitokea baka kwenye mkono wake wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Lilikuwa jeupejeupe, halina maumivu wala muwasho. Mwatima alidhani ni choa, akalipaka dawa ya majani. Makungu alimwacha apake. Alipokuwa mtoto Kiwengwa alikuwa na ami yake aliyeanza na baka kama hilo. Baadaye ami yule alijengewa kibanda mbali na nyumba za watu, chakula akiwekewa juu ya jiwe, na anayekileta hugeuka akaondoka kabla mwenyewe hajatoka. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama kucha za kuku. Jina la maradhi hayo nyumbani kwao halikutajwa hata siku moja, ikisemwa tu "yale maradhi".

Mwaka uliofuata, siku moja mchana, Makungu alikuwa akipiga pasi kanzu ya mteja huku akizungumza na mkewe.

"Nini kinaungua?" akauliza Mwatima kutoka ukumbini.

"Kitambaa, labda. Hebu ngoja." Akainua pasi, akaikagua kanzu. Kanzu ilikuwa safi.

Mwatima akaja, akasimama mlangoni, mkono mdomoni. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia wa mumewe kilikuwa kimeegemea chuma cha pasi, na ile harufu ilikuwa ni ya nyama yake.

"Baba Wanu! Kidole!"

Alikitazama kama kidole cha mtu mwingine. Mwatima akamkalisha, akachukua sindano, akamwambia afumbe macho. Akamchoma. "Hapa?" akamwuliza. "Ushachoma?" akajibu Makungu. Akamchoma kingine. "Na hapa?" Makungu akafumbua macho na kuona sindano imesimama wima katika kidole chake cha pete. Mwatima akaanza kulia bila sauti. Makungu aliogopa, na siku hiyo hakuwa na neno la mzaha.

Mwatima alikuwa amesikia kwamba siku hizi kuna vidonge vipya, kwamba mtu akiwahi hupona asikunjike vidole. "Twende," akamwambia. "Hata kesho twende."

"Tukienda tutaandikwa," akasema Makungu. "Tukiandikwa watajua. Wakijua, Wanu haolewi."

Na hilo lilikuwa kweli, wala hakulizidisha. Wanu alikuwa ameshaposwa na Mcha, kijana mwalimu, mtoto wa Hasan. Hasan huyu alikuwa karani wa forodha na mwanachama wa klabu ile ile, mtu mpole, mwenye miwani, anayefikiri sana kabla ya kusema na kabla ya kucheza. Kabla ya kujibu posa, wazee wa pande zote mbili walikuwa wamefanya kama ilivyo ada: wanatumwa watu wa kupeleleza ukoo. Hawaulizi mali peke yake. Wanauliza kama katika ukoo huo kuna wazimu, kuna kifafa, kuna yale maradhi. Ni kwa kuwa watu wote waliamini kwamba hayo yamo katika damu, na bibi arusi huyabeba kwenye mkoba wake akaenda kuyazaa kwenye nyumba ya watu. Waliotumwa Kiwengwa walijibiwa kwamba hakuna. Ami alikuwa ameshakufa siku nyingi, na kibanda chake kilishaota majani.

Harusi iliwekwa mwezi wa Mfungo Sita. Mume na mke wakakubaliana: mpaka harusi ipite, mkono ule usionwe na mtu. Mwatima akachukua kazi ya kudarizi, akikaa nyuma ya pazia, na wateja wakasifu kwamba fundi sasa ametulia, kazi yake imekuwa nzuri zaidi. Makungu alizisikia sifa hizo na alizichukia. Alianza kuvaa kanzu ya mikono mirefu kuliko kawaida, na akisalimiana na watu alikishika kifua kwa heshima badala ya kutoa mkono.

Angekaa nyumbani, haya yote yasingetokea. Mwatima alimwambia waziwazi, "Usende klabu, baba Wanu. Kule mnacheza kwa mikono." Lakini mwaka ule Makungu alikuwa amewashinda wote aliopangiwa nao, na katika mchezo wa mwisho wa mashindano alipangiwa na nani? Na Hasan, mkwe wake mtarajiwa. Klabu nzima ilikuwa ikitania habari hiyo. Alimwambia mkewe kwamba asipokwenda watu watauliza kwa nini. Maneno hayo yalikuwa na ukweli kidogo, lakini tusimpambe. Alikwenda kwa sababu alitamani kwenda. Alijua kwamba hiyo huenda ni mara ya mwisho kukaa mbele ya ubao na watu wamemzunguka, na hakuweza kuikosa.

Chumba kilijaa mpaka ngazini. Msimamizi alikuwa Bakar, mwalimu mstaafu, aliyekaa kwenye kiti cha kando na saa yake mkononi. Jaku, yule dresa wa hospitali, alisimama nyuma ya Hasan na kikombe cha kahawa.

"Haya, mkwe," akasema Hasan akifuta miwani. "Leo nistahi. Ntakupa mwanangu."

"Mwanao nshamchukua," akajibu Makungu. "Leo nnamtaka shaha."

Watu wakacheka. Makungu alikuwa na kete nyeupe. Akakisukuma kitunda cha mbele ya shaha wake, Hasan akakikabili kwa chake. Papo hapo Makungu akasukuma kitunda cha jirani, akakiacha wazi. Hasan akakila. Farasi mweupe akatoka mbio, na vitunda vya Hasan vikaanza kumfukuza. Mtu mwingine angemwondoa farasi wake. Makungu akamficha shaha nyuma ya ngome, akaegemea nyuma, akangoja.

"Anachinja!" mtu akanong'ona mlangoni.

Hasan alifikiri sana, kisha akamla farasi. Waziri mweupe akaruka akamla muuaji. Hapo waziri wa Hasan naye ikambidi atoke kusaidia, na Makungu akamtupia kitunda kingine ili amvute mbali, akavutika. Sasa ubao wote ulikuwa wazi katikati. Makungu alikuwa pungufu ya farasi na vitunda, lakini shaha wa Hasan alibaki nyumbani kwake na nguo za kulalia. Kulikuwa na ndovu mweupe upande wa kushoto aliyekitazama kitunda kimoja pembeni mwa shaha huyo. Ndovu akikila kitunda kile, hata kama yeye mwenyewe ataliwa, mlango unavunjika, na waziri anaingia.

Makungu aliiona hatua hiyo na moyo wake ukajaa furaha. Kwa muda ule hakuwa mgonjwa. Macho yake yakabaki pale kwenye kitunda cha Hasan, akanyoosha mkono wa kulia juu ya ubao, akamshika ndovu.

Chumba kikafanya sauti ndogo, kama watu wanaovuta pumzi pamoja.

"Mkwe," akasema Hasan taratibu. "Umemgusa waziri."

Makungu akainua uso. "Nani?"

"Waziri wako. Umemgusa kabla ya ndovu."

"Sikumgusa."

"Kachezacheza, fundi," akasema mtu nyuma yake. "Nusura aanguke."

Kila mtu aliona. Mkono ulipopita juu ya waziri, kidole cha mwisho, ambacho kilikuwa kimeshaanza kujikunja, kilimnasa kwenye taji na kumburura mpaka ukingoni mwa chumba chake cha ubaoni. Kila mtu aliona isipokuwa mwenye kidole, kwa sababu macho yake yalikuwa mbali na mkono wake haukumwambia. Alijua kwamba hakugusa kitu. Alijua hivyo kama anavyojua jina lake, na akakasirika kama anavyokasirika mtu anayesingiziwa siku yake ya furaha.

"Mnanionea!" akasema. "Wallahi, billahi, sikumgusa waziri!"

Kuapa kwa Mungu kwa ajili ya kete za mti halikuwa jambo la kawaida mahali pale. Bakar akaiweka saa yake magotini, akamtazama kwa masikitiko.

"Fundi Makungu," akasema, "sisi sote tuna macho."

Ndipo Makungu alipoangalia chini. Waziri alikuwa amesimama ukingoni, kweli. Na kwenye kidole chake cha mwisho kulikuwa na mchubuko mpya, wa ncha ya msumari, na damu ilikuwa ikitiririka polepole kuelekea kiganjani. Alikuwa amechanwa na hakuhisi. Akakunja ngumi, akaishusha chini ya meza. Akaelewa kila kitu.

Hasan aliona aibu ya mkwe wake na akataka kumsitiri. Ndivyo alivyokuwa Hasan. Akacheka kidogo, akasema kwa sauti ya kusuluhisha, "Jamani, labda mwenzetu hakuhisi. Mkono umepita tu, hakuhisi. Mtu aweza kugusa asihisi."

"Asihisi?" akasema Jaku, yule dresa. Aliweka kikombe chake dirishani. "Ule msumari? Mimi mwezi uliopita ulinitoa machozi." Akasogea mbele, hakuwa na ubaya wowote, ni mazoea ya kazi yake tu. "Hebu fundi, lete mkono nione."

Kulikuwa na maneno mawili ya kusema, wala hakukuwa na la tatu. La kwanza ni "sikuhisi", na hilo lingemleta Jaku mpaka kwenye kiganja, kutoka kiganjani mpaka kwenye baka, na kutoka hapo mpaka kwenye chumba cha Wanu ambamo nguo za harusi zilikuwa zimekunjwa. La pili lilikuwa mdomoni mwake tayari, chungu kama shubiri.

"Nilihisi," akasema Makungu.

Jaku akasimama.

"Nilihisi nimemgusa. Nilijua. Nimeapa uongo."

Hakuna aliyetaka kuamini, ndiyo maana akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, akimtazama Hasan usoni. "Nimeapa uongo kwa sababu nnataka kushinda. Basi. Mmeridhika?"

Hasan alivua miwani. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake. "Kweli, mkwe?" akauliza, polepole, kama bado anampa nafasi ya kurudi nyuma.

"Kweli."

Kwa sheria ilimbidi amcheze waziri. Alimsogeza kwa mkono wa kushoto, popote tu, na Hasan akambadilisha waziri kwa waziri bila kumtazama tena. Makungu akabaki pungufu ya farasi na hana wa kushambulia. Akamlaza shaha wake ubaoni, akashuka ngazi. Watu walimpisha njia, na aliyezoea kumpiga begani kila siku alijibana ukutani asiguswe na kanzu yake.

Nyumbani alimsimulia Mwatima yote. Mwatima alimfunga kidole, akamwambia, "Ungesema hukuhisi, ingekuwa vipi?"

Siku zilizofuata watu walianza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa, kila mmoja na sababu yake. Makungu hakumtania hata mmoja. Msikitini nafasi pembeni yake ilikuwa ya mwisho kujaa. Sheikh wa mtaa alimwita faragha akamwambia atoe kafara ya yamini, yaani ya kiapo, na atubu, na Makungu akafunga swaumu zake kimya kimya, akalipa kafara ya uongo ambao hakuusema. Aliapa akiamini kwamba anasema kweli, na Mola wake alilijua hilo. Lakini Mola hakuwa na haja ya kuliambia baraza la Mkunazini, na Makungu hakuweza.

Lililomchoma zaidi lilikuja na wazee wa Hasan. Walifika kwa adabu, wakanywa kahawa, wakasema harusi ipo, binti hana kosa, tena binti ni mzuri. Ila kuna jambo. Mtu aliyekiri mbele ya watu kwamba amemwapia Mungu uongo ni fasiki, na fasiki kuwa walii wa ndoa, yule anayemwoza binti, wanazuoni wana maneno. Hawataki ndoa ya mtoto wao iwe na shaka. Je, hakuna ndugu?

"Yupo ndugu yangu Silima, Kiwengwa," akasema Makungu.

"Basi aje Silima."

"Atakuja," akasema. Wazee waliona jinsi alivyokubali upesi, wakatazamana, wakajua kwamba mtu huyu hana haya kabisa.

Wanu aliposikia hakulia mbele ya baba yake. Aliingia chumbani, akafunga mlango. Baadaye alimwambia mama yake, "Kwa mchezo, mama? Kanitia aibu kwa mchezo?" Mwatima alitamani kuufungua moyo wake wote pale pale, lakini alikuwa ameahidi. Aliona kwamba mtoto akiambiwa atalazimika kumficha mumewe jambo tangu siku ya kwanza ya ndoa, na nyumba haijengwi hivyo.

Siku ya nikahi Silima alikaa mbele ya bwana arusi, akamshika mkono kama inavyotakiwa, akamwoza. Makungu alikaa nje barazani, pamoja na viatu vya watu. Alisikia mwanawe akiozwa kwa mdomo wa mtu mwingine. Alipata faraja moja tu, nayo ilikuwa ya ajabu: kama yeye ndiye angekuwa walii, Mcha angekishika kiganja chake mbele ya wote. Alijificha nyuma ya faraja hiyo na bado alilia, na wapita njia walidhani ni majuto.

Harusi ilipokwisha hakukimbilia hospitali. Ilibidi kungoja Wanu akae, azoeleke kwa wakweze, apate mimba. Akangoja. Vidole viwili vikajikunja kabisa, kidonda kikatoka kwenye unyayo, na mwishowe Mwatima akamshika kanzu akampeleka mwenyewe. Daktari alimwangalia, akamwuliza tangu lini. Aliposikia, alitikisa kichwa. Alisema vidonge vitayazuia maradhi yasiendelee, lakini vidole vilivyokwenda vimekwenda, na kwamba kama angekuja mwanzo, angekuwa anashona mpaka leo. Siku hizo walioonekana wameathirika hivyo walipelekwa kambini, nje ya mji, na Makungu naye akapelekwa.

Hapo ndipo mji ulipopata hadithi yake. Mkono uliomgusa waziri! Kidole kile kile! Habari ilitembea kutoka Malindi mpaka Ng'ambo kabla ya sala ya magharibi. Mtu ameapa uongo, Mungu amemwonyesha. Nani anataka dalili zaidi ya hiyo?

Katika nyumba ya Hasan, shangazi mmoja wa Mcha alianza kusema mengine. Alisema tumedanganywa, maradhi haya ni ya ukoo, kijana amwache mke huyu kabla hajatuletea balaa, na Wanu wakati huo alikuwa na mimba ya miezi michache. Hasan alimkatiza. Mtu yule asiyejua kupaza sauti aliipaza siku hiyo. "Si ukoo!" akasema. "Ukoo ulipelelezwa. Ni kiapo. Nilikuwapo mimi, nimemsikia kwa masikio yangu akikiri. Msimtie mtoto wa watu kwenye dhambi ya baba yake." Neno hilo halikuzungumzwa tena katika nyumba ile.

Mwatima alimletea Makungu habari hizo kambini. Makungu alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka, na Mwatima akamwacha alie. "Kumbe nilishinda mchezo," akasema mwisho. Mwatima hakuona cha kuchekesha.

Wanu alikuja baada ya kujifungua. Mtoto alimwacha nyumbani. Alikaa kwenye mkeka, mbali kidogo, na mama yake katikati. Aliona vidole vya baba yake na uso wake ukabadilika, ukawa tena uso wa yule mtoto aliyekuwa akiita na sindano zikisimama. Akasogea.

"Baba," akasema, "mimi nshakusamehe. Ya walii, ya watu, yote nshasamehe. Lakini kile kiapo si changu kukisamehe. Mwombe Mungu, baba. Kila siku mwombe. Huenda akakuondolea haya."

Mwatima akafungua kinywa. Makungu akamtazama mara moja tu, na kinywa kikafungika.

"Nnamwomba, mwanangu," akasema Makungu. "Kila siku."

Wanu akalia, na akiwa analia akaukamata mkono wa baba yake wa kulia, akaubana kwa mikono yake miwili. Makungu hakuhisi kitu. Aliinamisha kichwa akaitazama ile mikono ya mwanawe juu ya mkono wake, akaendelea kuitazama hata Wanu aliponyamaza, kwa sababu alikuwa hana namna nyingine ya kujua kwamba ameshikwa.